Betri za Redio

Swali ambalo Wilfred alilala akiliogopa lilikuwa la betri. Mengine yote angejibu. Geti alifungua nani, chumba kiko upande gani, siku ngapi. Hayo yana ubaya gani? Lakini wakimuuliza, "Kwa nini ulikwenda kutoa taarifa siku ya ishirini, na si siku ya kwanza?" itabidi aseme mbele za watu, mtu mzima na mvi zake, kwamba siku ya ishirini betri za redio yake zilikuwa zimeisha.

Alikuwa mlinzi wa pagale huko Mbweni, nyumba kubwa isiyo na madirisha, mwenyewe hajulikani aliko. Uani kulikuwa na chumba kimoja tu kilichokamilika, chenye mlango wa chuma. Aliambiwa kwa simu: wewe linda geti, ya uani hayakuhusu. Na kweli akayafanya hayamhusu. Kila mchana alikuja mtu wa pikipiki, helmeti yenye kioo cheusi mpaka kidevuni, haivui hata jua liwake vipi, salamu hatoi. Anapita na kiroba cha chakula. Ndani ya kile chumba watu wanakohoa, wanalia, wanaita kwa lugha asiyoijua. Yule mtu anagonga mlango mara tatu kwa kitu cha chuma, ko, ko, ko, na wote wananyamaza papo hapo. Akiondoka, wanaanza upya. Na Wilfred anaongeza sauti ya redio.

"Baba Albano, kule unalinda nyumba au unalinda kaburi?" mkewe Yustina alimuuliza siku moja nyumbani kwao Kiwalani, maana mume alikuwa haishi kushtuka usingizini. Akamjibu kwa ukali kwamba analinda ugali wa watoto wake.

Siku ya ishirini redio ikazima. Akakaa na zile sauti tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, akashindwa, akaenda mbio kwa mjumbe, na mjumbe akawapigia polisi. Vijana wa Kihabeshi kumi na mmoja walitoka wakifumba macho kwa jua. Wa kumi na mbili alibebwa, ameshafunikwa shuka. Daktari alisema alifariki siku mbili kabla. Siku mbili! Betri zingewahi kuisha, mtoto wa watu angekuwa hai. Jamani.

Leo yuko kwenye benchi la mahakama, shati la kanisani limemganda mgongoni. Afande Loveness, mpelelezi wa kesi, alikuwa amemweleza utaratibu pale mlangoni.

"Mzee wangu, hawa wameshtakiwa kuingia nchini bila kibali. Wakikana, utaitwa useme walivyofungiwa, na hakimu ataona kwamba walisafirishwa kwa hila. Hapo wanarudishwa kwao, kwa mama zao. Wakikiri, ni jela tu. Wewe hata hutaitwa."

"Na yule wa helmeti?"

"Hatujampata. Wenyewe hawasemi kitu. Mkalimani tumewaletea, lakini wapi."

Wilfred alikuwa ameshakagua kila uso mle ndani, akitafuta uso asiowahi kuuona. Hakujali tena. Alishaamua: leo atasema yote, hata ya betri. Aibu aimeze mara moja, iishe.

Mkalimani ndiye aliyemtia moyo. Mfanyabiashara, mtu wa huko huko kwao wale vijana, amevaa suti ya kijivu, alikuja mwenyewe kujitolea maana hapakupatikana haraka mwingine anayejua lugha ile. Aliwaletea vijana mikate na maji. Hawakugusa mpaka aliposema neno, adabu mpaka basi. Alipompita Wilfred pale benchini aliinama.

"Shikamoo, mzee. Usiwe na wasiwasi, ni mambo ya dakika tano tu."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki."

Hakimu akaingia, shtaka likasomwa. Mkalimani akawageukia vijana, akasema nao kirefu, kwa upole. Wakajibu mmoja mmoja, neno moja moja, macho chini.

"Wote wanakiri, mheshimiwa."

Wilfred alielewa upesi. Hataitwa. Hakuna wa kumuuliza habari za betri. Alifurahi, ndiyo, alifurahi kabisa, na furaha ile ikamtia aibu kuliko aibu zote alizokuja nazo. Akainamisha uso.

Alipouinua, kijana mmoja mrefu alikuwa akimtazama yeye. Akashika vyuma vya kizimba, akapaza sauti, mara anamwonyesha Wilfred kidole, mara anajigusa kifua, machozi yanamtiririka. Wenzake nao wakaanza, wote kwa pamoja, kulia na kuita. Wilfred alizijua zile sauti moja moja.

"Anasemaje huyo?" hakimu akauliza.

"Anaomba radhi kwa kuvunja sheria, mheshimiwa."

Mkalimani akasogea kizimbani. Akanyoosha mkono wenye pete nene, akagonga vyuma mara tatu.

Ko, ko, ko.

Wote wakanyamaza papo hapo. Mkono wa Wilfred ukanyanyuka wenyewe, ukapapasa benchi, ukitafuta redio.