Kioo Kisichosamehe

Wamama, kamera za siku hizi muziogope.

"Chukua tu hii ya zamani, mwanangu," Mama Sagesse alimwambia binti yake pale kando ya ziwa, Nchelenge. "Inatosha."

Binti alikuwa na kamera mpya ya megapikseli nyingi, na muuzaji wa ng'ambo alimletea obyektifu mbili, vile vioo vya mbele, moja ya zamani na moja mpya, achague. Zote mbili alizijaribu kwa uso wa mama yake. Picha nzuri ingebandikwa kanisani siku ya Mungu, kubwa kama mlango, maana Mama Sagesse ndiye prezida wa wamama wa kufunga, na leo ilikuwa siku ya tatu bila chakula.

"Hii ya zamani inakuonyesha kama mutu eko ndani ya moshi," binti akasema, pasta wao akiwa amesimama karibu. "Kamera ya nguvu inaomba kioo kikali. Pasta, kuya uone."

Akaikuza picha ya pili. Nywele moja moja. Kovu la tetekuwanga. Halafu mdomo, ukitabasamu kwa utakatifu.

Mama Sagesse akapeleka ulimi kwenye jino la pembeni, akakuta kitu. Chisense mmoja tu, kale kasamaki kembamba, aliyemwonja asubuhi ajue kama chumvi imetosha!

"Ya moshi ndiyo nzuri," akasema, mkono mdomoni.

Pasta hakusikia. Alikuwa ameinamia kamera.

"Mama Prezida," akauliza polepole, "hii jicho inatuangalia katikati ya meno yako, ni ya nani?"