Kisanduku cha Haji Mshindo

"Makala bila kisanduku cha muhtasari haijakamilika," Kisamo aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa ensaiklopidia. "Watu wanasoma kwa simu. Wanataka alizaliwa lini, alikufaje, basi."

Mwanakombo aliusoma ujumbe huo jikoni. Makala ya mwimbaji Haji Mshindo aliiandika yeye, na chanzo cha kifo alikificha kwenye sentensi ya mwisho kabisa, ambako binti yake, aliyeambiwa baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo, hakuwahi kufika.

"Tuiache ilivyo," alijibu. "Mtu haenei kwenye kisanduku."

"Kwani wewe ni nani wake?" Kisamo akauliza.

Kanuni ziliwakataza jamaa wa marehemu kuhariri makala yake. Mwanakombo alitazama shati la mumewe, bado limening'inia nyuma ya mlango.

"Si mtu wake," aliandika. "Msomaji tu."

Wahariri wengine wote wakamuunga mkono Kisamo. Kisanduku kikapachikwa juu kabisa: picha ya Haji akicheka, kisha tarehe, kisha *Chanzo cha kifo: kujinyonga*.

"Mama!" binti aliita kutoka chumbani. "Baba kawekwa picha!"

Mwanakombo alikimbia. Mtoto alikuwa bado anatabasamu, kidole chake kikiusogeza ukurasa kwenye simu taratibu.