Mngurumo wa Gari la Baba

Gari lilinguruma tangu Ruiru. Fundi alikuwa amesema ni giaboksi, imekwisha, kwa hiyo Warigia alikuwa akilipeleka Thika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Baba yake alikuwa ameketi kando yake, kimya.

Gari lilikuwa lake mzee. Lakini tangu apigwe na kiharusi hakuwa ametamka neno hata moja, na watu nyumbani walikuwa wameanza kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo.

Walipokata kona ya kulia, mngurumo ukazidi. Walipokata ya kushoto, ukafifia.

Mkono wa baba ukasogea. Vile vidole vilivyokuwa vikilala tu mapajani vikainuka polepole, vikitetemeka, vikagonga mlango upande wa gurudumu la mbele.

"Be... ringi," akasema. Mate yakamtiririka kidevuni. "Si giaboksi. Huyo fundi... mjinga."

Warigia akasimamisha gari kando ya barabara. Alikuwa amesikia vizuri kabisa, na gurudumu lenyewe alilijua.

"Beringi ya wapi, Baba?" akauliza, ili aseme tena.