Damu ya Rwamishari

Mke wa Mulangira alipiga magoti uani kwa muuza vitumbua, mtaa wa Hamugembe mjini, mchana kweupe, majirani wakitazama.

“Simama, mama,” Ashura alimwambia. “Watu watadhani nimekufanyia ubaya.”

Kokugonza hakusimama. Alikuwa ametoka Muleba juu ya lori la buni, khanga ameivuta usoni kama mtoro. Nyumbani Rwamishari mumewe, Rugambwa, alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa kifua, na hawakuwa na mtoto.

Kila mtu kule alijua maana yake. Rwamishari ilikuwa nyarubanja, kilima kizima cha migomba na kahawa ambacho Mukama, mfalme wa zamani, alimpa babu mkuu wa Rugambwa kwa kazi ya vita. Tangu hapo cheo cha Mulangira, bwana wa Rwamishari, kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kukatika. Wajerumani walikikuta wakakiacha. Waingereza walikikuta wakakitambua. Rugambwa aliwajua wote waliokishika, na kila jioni aliwataja mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesali.

Wazee walipomshauri amrithishe Aroni, mtoto wa dada yake, mtu mpole na mchapakazi, aligeukia ukutani.

“Aroni ni wa ukoo wa baba yake,” alisema. “Kiti hiki hakijawahi kukaliwa na damu ya nje. Kama Mungu hakunipa mwana, basi atakaa Byarugaba.”

Byarugaba, mdogo wake, hata mazishi hakuyasubiri. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watwarwa, watu waliolima kilima kile tangu enzi za babu zao, wafungashe. Alitaka kahawa tupu. Watu walimharibia nafasi. Kokugonza naye aliambiwa matanga yakiisha arudi kwa kaka zake.

Lakini kabla ya ndoa yao Rugambwa aliwahi kuishi mjini na Ashura, na siku moja katika ugonjwa huu, homa imempanda, alimtaja mtoto wa Ashura.

“Mtoto huyo yuko wapi?” Kokugonza aliuliza.

“Hamugembe.” Akafumba macho, na hakutaka kuulizwa tena.

Ndipo Kokugonza akapanda lile lori.

“Yeye ndiye amekutuma?” Ashura alimuuliza sasa.

“Hajui kama nimekuja.”

“Amekueleza nini juu ya mtoto?”

“Kwamba yuko huku. Basi.”

Vitumbua vilianza kuungua, Ashura hakuvigeuza.

“Na ukirudi peke yako?”

“Kilima kizima kitalala njiani. Wazee, watoto, wenye mimba. Nimekwenda kwa padri, nimekwenda kwa karani wa boma, wote wamenionea huruma. Sina mlango mwingine, Ashura. Ukinifukuza hapa, sijui nitawaambia nini.”

Ashura aliipua karai. “Muhidini,” aliita. Kijana mrefu aliyekuwa akipasua kuni aliweka shoka chini. “Vaa kanzu yako. Unakwenda Muleba na mama huyu. Baba yako anaumwa.”

Kijana alimtazama mama yake, akangoja neno jingine. Halikuja. Akaingia ndani kuvaa.

Walipofika Rwamishari walikuta migomba imelazwa chini. Watu wa Byarugaba walikuwa wamefyeka shamba la Kokuberwa, mjane mzee, na kuibomoa nyumba yake. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya Mulangira na kuku wake kapuni. Rugambwa alikuwa amesikia kila panga kutoka kitandani. Alipotuma mtu kuwazuia, walijibu kwamba wao wanamtii bwana wa kesho.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukusanyika chumbani kusikia neno lake la mwisho. Kokugonza alimsogeza kijana mbele.

“Waitu,” alimwambia mumewe kwa heshima, “nimekuletea mtoto wa Ashura.”

Byarugaba akacheka kwa pua.

“Umetoka wapi?” Rugambwa alimuuliza kijana.

“Hamugembe, Waitu.”

“Mama yako?”

“Ashura binti Uledi.”

Rugambwa alimtazama, akageuza macho mlangoni, upande alikokaa Kokuberwa. Kisha akaomba ainuliwe, akamwambia kijana apige magoti. Akaanza kuwataja waliotangulia, sauti ikikatikakatika, na Muhidini akayarudia majina nyuma yake, akikosea na kusahihishwa, mpaka likafika la mwisho, la Rugambwa mwenyewe.

“Na baada yangu, Muhidini,” alisema. “Mwanangu. Wazee, mmesikia. Mkamwambie Bwana DC hivyo hivyo.”

“Huyu wa sokoni?” Byarugaba aliuliza. “Una hakika gani?”

“Unamuuliza baba kama anamjua mwanawe?”

Wazee walipiga makofi ya kukubali. Byarugaba alitoka bila kuaga, na nje watu wakampisha kimya. Mzee mmoja alimshika Muhidini mkono, akamtoa aonekane. Kelele za shangwe zikaanzia uani, zikapanda kilima.

Walipobaki wawili, Kokugonza alijiinamia kando ya kitanda akalia.

“Nisamehe, Waitu. Nilikwenda bila ruhusa yako.”

“Umefanya vema.”

“Nilijua ukimwona hutaikataa damu yako.”

Rugambwa alivuta pumzi kwa shida, akamwekea mkono kichwani.

“Mtoto niliyezaa na Ashura alikuwa wa kike,” alisema. “Nilimzika kwa mikono yangu mwenyewe.”