Dawa ya Upande Mmoja

Mwaka wa kupe wengi, Fisi aliwaletea nyati dawa nyeusi ya kupaka. Kila atakayepona alitakiwa kumlipa ndama mmoja.

"Waulizeni niliowapaka," alisema. "Wote ni safi."

Nyati jike akainama, akamsukuma ndama wake mbele. Ngiri, mbishi asiyechoka, akasimama kati ya ndama na Fisi.

"Hao ni uliowapaka. Ambao hukuwapaka wana hali gani?"

"Hao wananihusu nini?"

"Basi mpake mama huyu upande wa kulia tu. Wa kushoto uache ulivyo."

Fisi alicheka, akapaka. Ngiri hakubanduka pale, akawa anamlinda ndama. Jua lilipopanda, ndege walao kupe walitua mgongoni mwa Nyati, wakadonoa huku na huku. Kufika jioni, pande zote mbili zilikuwa safi.

Fisi hakuona haya. "Dawa yangu hupenya hadi upande wa pili."

"Vizuri," alijibu Ngiri, akimrudisha ndama kwa mama yake. "Wewe nenda kwako ukalale. Ndama atabaki hapa, na utamu wa nyama yake utakupenyea huko huko uliko."