Kiti cha Mkwe

"Na winchi je?" muuzaji wa magari aliuliza. "Ukikwama matopeni inakuvuta. Taa za paani? Ngao ya mbele?"

"Ndugu yangu, mimi nataka kiti cha nyuma kabisa, na pazia!" Simiyu alifoka.

Mama mkwe wake alisimama nje, amewapa mgongo. Barabara ya hospitali haipitiki kwa gari dogo, naye alikwisha kosa kusafishwa damu mara mbili kwa kukataa kuketi mahali ambapo mume wa binti yake angemwona. Kwao mkwe hatazamwi.

"Kuna kamera pia," muuzaji akachangamka. "Unamwona kila aliyeketi nyuma."

"Yesu wangu!" Nekesa, mkewe Simiyu, akajishika kichwa. "Kaka, tunataka asionekane!"

"Nekesa," mama akaita, "mwambie huyo mwanamume nitatembea."

"Mwambie mama miguu imemvimba," Simiyu akajibu.

"Si mmesikiana? Mimi si redio!"

Simiyu akaingia kwenye gari walilokuwa wakioneshwa, akakigeuza kioo cha kati kikatazama paa, akafumba macho. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akashika usukani, akingoja kuhisi gari likiinama kidogo.