Nyayo za Fundi

Unyayo mmoja wa paka ulitaka kidole gumba mara moja na kidole cha mwisho mara nne. Binti alikuwa amezoea. Alichovya rangini, akagandamiza, akasogea kidogo, akagandamiza tena, mpaka nyayo zikavuka turubai kutoka pembe hadi pembe. Kisha akasugua kucha zake kwa mafuta ya taa na kuiegemeza picha dirishani kabla mama hajaamka.

Fundi mwenyewe, paka wa kijivu, mwembamba kama ufito, alikuwa ardhini nyuma ya nyumba, kwa mwezi wa nne sasa. Binti alimkuta amekakamaa kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mama, akamzika kimyakimya. Kumwambia mama ingekuwa kumzika na yeye.

Kwa maana kabla ya picha hizi mama alikuwa haamki. Tangu walipomzika mjukuu wake, mtoto pekee wa binti, aliyechukuliwa na homa ya siku tatu, mama alilala ameelekea ukutani. Miaka thelathini alikuwa amefundisha uchoraji shuleni; sasa macho yameingia ukungu, anaona rangi na maumbo makubwa tu. Naye binti, aliyekuwa mchoraji, alizifungia brashi zake sandukuni.

Siku aliyotoa rangi zake akazitupe, Fundi alikanyaga sahani yenye rangi ya buluu na kukatiza juu ya turubai tupu. Mama aliinuka, akasogeza pua mpaka ikakaribia kuchafuka.

"Huyu ana mkono kuliko wanafunzi wangu wengi," akasema, akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu msiba.

Kesho yake aliuliza, "Fundi kachora nini leo?" Akatoka kitandani aone. Tangu hapo, kila alfajiri binti alimtegea paka rangi. Paka alipokufa, kazi haikufa.

Asubuhi hii mama aliinamia picha kwa muda mrefu.

"Mwambie asijaze kila pembe. Aache mahali pa kupumulia."

"Nitamwambia, mama."

"Na nyekundu anaikwepa. Mwambie nyekundu haiumi." Akapapasa ukingo wa turubai. "Huyu jana alikuwa analia."

"Paka analia, mama?"

"Nyau analia kutwa kucha, wewe humsikii?" Akajifuta mikono. "Haya, anywe chai akapumzike. Jumamosi ana mgeni. Nimempigia simu yule mwanafunzi wangu mwenye nyumba ya maonyesho. Anakuja na kamera, anataka kumwona msanii."

Binti aliitazama mikono yake, bado inanuka mafuta ya taa.

Jumamosi alikwenda kwa mwenye duka jirani kuazima paka wake, wa kijivu pia, ila mnene kama boga.

"Nirudishie kabla sijafunga," mwenye duka alisema. "Panya wangu hawana habari kwamba kaenda kupigwa picha."

Mgeni alifika na miwani mbili, moja machoni, nyingine juu ya kipara. Alizikabili picha ishirini zilizopangwa ukutani. Akarudi nyuma. Akasogea mbele. Akashika kidevu.

"Mwalimu, hapa namwona mwanadamu amesimama mlangoni mwa ukimya."

"Hapo alikuwa anajikuna," mama akasema.

"Lakini kujikuna kwenyewe kuna falsafa!"

"Hata viroboto wake wamesoma, kijana wangu."

Mgeni alicheka, ila hakuondoa macho kwenye picha. "Nazitaka zote. Ukumbi mzima. Sasa, dada, msanii yuko wapi?"

Binti alimtoa paka jikoni, akampakatisha mama. Mikono ya mama ilianza masikioni, ikashuka shingoni, ikapita juu ya mgongo mpana, ikafika mkiani, ikatulia. Binti alikiona kitanda, aliuona ukuta, aliuona ule mgongo wa mama umegeuka tena, safari hii moja kwa moja.

"Heee, Fundi wewe!" mama akasema. "Sifa zimekunenepesha."

Kamera ikalia mara mbili. Mara ya tatu paka aliruka dirishani, akarudi kwa panya wake.

"Wasanii!" mgeni akasema.

"Ngoja nilete chai," binti akasema, akaingia jikoni. Aliinjika birika. Pazia tu ndilo lililotenganisha jikoni na sebule, na nyuma yake mama alikuwa ameanza kunong'ona.

"Huyo paka ni wa dukani, ananuka unga mpaka masikioni. Wangu alifia miguuni pangu. Nilimshusha mkekani mwenyewe, nikajifanya nimelala mpaka mwanangu alipomaliza kumzika."

"Sasa hizi picha, Mwalimu?"

"Ningemwambia ashike brashi, angenitazama tu. Mtoto wake yuko kaburini, brashi ya nini? Lakini kwa ajili yangu anaamka." Akamsogelea mgeni. "Mimi, kijana wangu, kila alfajiri natamani kugeukia ukuta. Halafu namsikia anachanganya rangi, nabaki namsubiri amalize. Kwa hiyo msifu paka. Msifu kwa nguvu, asikie huko jikoni."